Kikanda mu foto: kwa nini mtaalamu anasema "sijui"

Somo la vikundi kwa msimu wa mvua

Hakuna mama wa Katanga anayenunua bowa kwa kuangalia foto. Anaishika mkononi, anaigeuza, anatazama chini ya kofia yake, anaivunja kidogo na kuinusa. Tena anauliza: imetoka wapi? Imeota chini ya mti gani? Imeokotwa lini? Muuzaji akikosa majibu, mama anapita zake. Sababu kila mtu anaijua. Bowa mbili zinaweza kufanana kabisa mbele ya macho, moja ikalisha watoto, nyingine ikapeleka nyumba nzima ku hospitali.

Kwa upande wa kikanda tumekuwa wepesi zaidi. Mtu anafika mu dembo, anaona ua zuri, anapiga foto moja ya mbele, anaituma, kisha anangoja jina. Jibu linarudi: "Sijui, nitumie ingine." Hapo watu wananung'unika kwamba mtaalamu hajui kazi yake, ao anaficha kitu. Mara nyingi hafichi kitu. Foto yenyewe njo haikumwambia lolote. Mu somo hili tutaona kwa nini orkide za pori ni ngumu kutambua kwa foto, na namna gani kikundi chenu kinaweza kupiga foto zenye kusaidia, bila kung'oa hata mmea mmoja.

Kikanda si mmea mmoja

Chakula chenyewe hatuhitaji kukieleza sana. Viazi vidogo vinachimbwa, vinaoshwa, vinakaushwa, vinatwangwa, vinachanganywa na unga wa karanga, soda na pilipili, vinapikwa mpaka vishikane kuliko bukari ngumu, kisha vinakatwa vipande. Kikanda cha Lubumbashi na chikanda cha ng'ambo ya Kasumbalesa ni kitu kimoja.

Lakini ule unga unaweza kuwa umetoka ku mimea ya aina mbalimbali. Yote ni ya jamaa kubwa ya orkide, yenye aina zaidi ya 25,000 duniani. Ndani ya jamaa kuna koo, na ndani ya kila ukoo kuna aina. Koo zinazochimbwa zaidi kwa kikanda ni Disa na Satyrium, Habenaria inafuata. Disa peke yake ina aina karibu 180, Satyrium karibu 90, Habenaria zaidi ya 800. Si zote ziko kwetu, lakini nchi yetu ya miombo na madembo, inayoendelea mpaka Zambia na kusini ya Tanzania, imebarikiwa nazo mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, walipima DNA ya viazi vilivyokusanywa Zambia, yaani ile alama ya uzazi iliyo ndani ya kila kiumbe. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2018, yalionyesha aina zaidi ya kumi, na kati yake zilikuwamo ambazo hakuna mtaalamu aliyefikiri kwamba zinaingia mu kikanda.

Bamama wachimbaji hawakushangazwa na habari kama hiyo. Mama aliyezoea kuchimba anajua kwa vidole: hiki kinanata vizuri, hiki ni cha maji tu, hiki kitaharibu nyungu nzima. Majina ya kijiji ni elimu ya kweli, na tunaomba vikundi viyaandike. Shida yake ni moja. Jina linalotumika Kipushi linaweza kushika mimea mitatu tofauti, na mmea mmoja unaweza kuitwa hivi Sakania na vingine Kasenga. Mkitaka kusikilizana na koperative ya mbali, ao na ofisi, lazima muwe pia na jina la kitabu.

Kosa la jina linaharibu nini

Tuchukue mfano. Koperative inapatana: ile aina iliyobaki kidogo tutaiacha miaka mitano bila kuigusa, na ile iliyo mingi tutachimba sehemu tu. Ni sheria nzuri. Sasa foto mbili zinatumwa, majina yanarudi yamegeuzwa. Matokeo yake ni kwamba watu wanalinda ile iliyo mingi kwa bidii, na wanachimba ile iliyobaki kidogo mpaka ya mwisho, tena kwa dhamiri safi.

Na orkide hairudi sawa muhogo. Mmea wa Disa ao Satyrium uko na viazi viwili chini ya udongo. Kimoja kimenyauka: ni cha mwaka uliopita, nguvu yake imekwisha kwa kulisha shina la sasa. Kingine ni kigumu na kimejaa: hicho kinangoja kulisha shina la mwaka unaokuja. Mchimbaji anataka kile kigumu. Akikitoa, fasi ile haitaota kitu. Kuna watu wanaosema, "Sisi tunarudisha kile kizee mu shimo," lakini kile kizee hakina tena cha kutoa. Mbegu je? Kidonge kimoja kinabeba maelfu, nyepesi sawa vumbi, na ndani ya mbegu hakuna akiba ya chakula kama mu punje ya mahindi. Mbegu haioti mpaka ikutane mu udongo na kuvu fulani wa kuilisha. Baada ya hapo inangoja miaka mbele ya kutoa ua la kwanza.

Jirani zetu wameona mwisho wa njia hii. Madembo ya Zambia yalipoanza kukauka viazi, wafanyabiashara walivuka kwenda Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mu 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walitoa makadirio yao: viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vinaondoka kule kila mwaka kwenda kuliwa Zambia. Miaka miwili baadaye, 2005, serikali ya Tanzania ilifanya uwanda wa Kitulo kuwa hifadhi ya taifa, kwa ajili ya maua yake hasa. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Kwetu hakuna Kitulo ya kikanda. Kuna madembo ya vijiji, na wenyewe ni ninyi.

Tena kuna habari ya mpaka. Orkide zote za pori ziko chini ya mapatano ya dunia yanayoitwa CITES, na Kongo iliingia humo tangu 1976. Maana yake: viazi vikitoka nchi moja kwenda ingine, vinatakiwa karatasi, na karatasi inataja aina. Kwetu ofisi inayohusika ni ICCN. Mtu aliyeandikisha jina la kubahatisha anaweza kupoteza mizigo yake Kasumbalesa, na hatakuwa na neno la kujitetea.

Kofia mbili zinazodanganya

Sasa tufike ku ua lenyewe. Hapa tunaomba msome polepole, ikiwezekana mtu mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akichora chini.

Ua la orkide liko na majani sita yenye rangi: matatu ya nje, matatu ya ndani. Moja kati ya yale ya ndani halifanani na wenzake. Linaitwa mdomo. Kwa orkide nyingi mdomo uko chini, sawa kibaraza ambapo nyuki ao kipepeo anatua. Na nyuma ya ua mara nyingi kunatoka kimrija chembamba chenye asali ndani. Tutakiita mkia.

Shika ua la Satyrium. Mdomo wake hauko chini, uko juu, umejikunja na kuwa kofia. Nyuma ya kofia hiyo inashuka mikia miwili, mmoja kila upande.

Shika sasa ua la Disa. Nalo liko na kofia juu. Lakini kofia hii si mdomo. Ni lile jani la nje la juu, limejikunja. Lina mkia mmoja tu, unaotoka ku kofia yenyewe. Mdomo wa Disa uko chini, mwembamba sawa ulimi mdogo.

Basi mu dembo moja, mwezi wa kwanza, mnaweza kukuta mashina mawili yamesimama pamoja kati ya majani, yote ya rangi ya waridi, yote yamejaa maua madogo yenye kofia. Mkipiga foto ya mbele, koo hizi mbili zinakuwa mapacha. Kitu kinachozitenga, mkia mmoja ao mikia miwili, kiko nyuma ya kofia, na kamera haikufika huko. Ni sawa na kupiga foto ya mama kutoka mbele na kuuliza: amebeba mtoto mmoja mgongoni, ao mapacha? Mtaalamu mwenye heshima anajibu: sijui, ageuke.

Habenaria nayo iko na mkia mmoja, lakini unatoka ku mdomo, chini, na mara nyingi ni mrefu, unaning'inia. Maua yake mengi ni ya kijani ao meupe. Mdomo mara nyingi umepasuka vipande vitatu vyembamba, mpaka ua linafanana na kidudu kilichokunjua miguu. Kufika hapo si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kusema ni Habenaria gani kati ya zile zote. Tofauti ziko mu urefu wa mkia, mu namna majani ya ndani yalivyogawanyika, na mu vipembe viwili vidogo vilivyo katikati ya ua, vya milimita chache. Mu foto ya kawaida ile fasi ya katikati ni ukungu mweupe tu.

Msifikiri kwamba vitabu vinaondoa shida hii. Kitabu kikubwa cha orkide za Kongo, Rwanda na Burundi, ndani ya Flore d'Afrique centrale, kilitungwa na Daniel Geerinck na kutoka kwa sehemu mbili, 1984 na 1992. Kitabu cha namna hii kinauliza maswali kwa mtu aliye na mmea mezani na lensi mkononi: mkia ni wa milimita ngapi? Jani la chini liko na upana gani? Swali la tatu likikosa jibu, hakuna kupita ku la nne. Foto ni shahidi aliyeona upande mmoja tu.

Tena hata hizi alama za mkia haziko sawa siku zote. Kuna Disa zenye mkia mfupi uliovimba, unaofanana na kibonyeo tu, na kuna Satyrium ambazo mikia yake lazima uitafute kwa uangalifu. Ndiyo maana foto moja ya ubavuni, hata ikiwa safi, haimalizi maneno.

Majani yaliyosimama pembeni

Kitu kingine kinachosahauliwa karibu kila mara: majani ya chini. Kwa Disa na Satyrium nyingi, shina la ua limevaa tu vijani vidogo vilivyolikumbatia, na majani makubwa yanaota ku shina lingine fupi, pembeni, pengine umbali wa kidole ao mkono. Mpiga foto anaona ua limesimama peke yake na anadhani mmea hauna majani. Mu kitabu, kuwa na shina la pembeni ao kutokuwa nalo ni swali linalokuja mapema kabisa. Sukumeni nyasi polepole, mtafute chini.

Rangi tusiitegemee sana. Jua la saa sita linafanya nyekundu kuwa ya chungwa na zambarau kuwa bluu, na kila telefone inapaka rangi kwa namna yake. Hata bila telefone, aina moja inaweza kutoa maua ya waridi hapa na karibu meupe kule.

Na viazi mu kitunga? Hapa jibu ni fupi. Foto ya viazi vilivyochimbwa, sana sana vikiwa vimemenywa ao vimekaushwa, haitoi jina la aina. Kila wiki kuna mtu anatuma moja. Wale watafiti wa Uppsala hawakupima DNA kwa kupenda anasa. Walipima kwa sababu viazi na unga havina sura. Yeyote anayesema ametambua aina kwa foto ya kitunga cha ku soko, msimlipe.

Telefone inayotaja majina

Vijana wengi wanatumia programu kama PlantNet, iliyotengenezwa na taasisi za utafiti za Ufaransa: unapiga foto, programu inataja jina na asilimia. Ni chombo kizuri, hatukatazi. Lakini tuelewe kinachofanyika ndani. Programu haijui mimea. Ilionyeshwa foto mingi zenye majina, na sasa inatafuta ile inayofanana na yenu. Foto za mimea ya Ulaya iliyonazo ni tele. Za madembo ya Kundelungu ao ya Sakania ni chache. Kama aina yenu haikuwamo kati ya zile ilizoonyeshwa, programu haiwezi kuitaja hata mkipiga foto safi namna gani. Itawapa ile ya karibu. Ni sawa na kumuuliza mtu wa Kinshasa majina ya bowa za huku: hatanyamaza, atawatajia ile anayojua. Na ile asilimia ni kipimo cha kufanana, si cha ukweli.

Kwa hiyo programu itumikeni kwa kupata ukoo. Ikisema Satyrium, hesabuni mikia muone kama haisemi uongo.

Namna ya kupiga

Mazungumzo haya tumeyatunga, lakini wengi wenu mtayatambua:

"Mwalimu, minakutumia foto ya kikanda. Jina yake njo nini?"

"Aksanti mama. Naona ua ya rose. Mukia iko moja ao mbili?"

"Mukia? Siione mukia mu foto."

"Piga ingine ya mu mbavu, na moja ya majani ya chini."

"Mwalimu, tulishaichimba. Iko mu nyungu."

Kwa hiyo: foto kwanza, zote, siku ileile, mbele ya jembe.

Anzeni kwa kupiga dembo lenyewe, hatua kumi nyuma, ili ionekane kama mmea uko katikati ya maji, pembeni, ao ku mlango wa msitu. Kisha mmea mzima kutoka udongo mpaka ncha, pamoja na lile shina la pembeni la majani. Kisha majani ya chini peke yake. Hizo hazihitaji ufundi.

Ufundi uko ku ua. Panguseni kwanza kioo cha kamera na kitambaa safi; kidole chenye mafuta ya karanga kimeharibu foto mingi kuliko mvua. Pigeni asubuhi, ao mtu mmoja asimame kuziba jua kwa mwili wake ao mwavuli. Mwingine aweke mkono ao kitambaa cheusi nyuma ya ua, maana bila hivyo kamera inashika nyasi za nyuma na kuacha ua kwenye ukungu. Gusa ua mu kioo cha telefone ili kamera ilishike. Usivute picha kwa vidole viwili, sogea wewe. Upepo ukipiga, ngoja. Piga mbele, piga ubavuni mpaka mkia uonekane wote na mahali unapotokea, piga nyuma. Mu kila moja weka kijiti cha kiberiti karibu na ua. Bila kipimo, ua la milimita 8 na ua la sentimita 3 yanakuwa sawa, na hayo yanaweza kuwa aina mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna foto moja inayofaa kuliko zote, na wachache wanaijua. Shina likiwa na maua mengi, chukua ua moja tu. Mmea hauumii. Lipasue kwa vidole ao wembe, upange sehemu zake juu ya karatasi nyeupe: kofia, majani ya pembeni, mdomo, mkia. Weka kijiti cha kiberiti, piga kutoka juu. Hapo mtaalamu anapata karibu kila kitu ambacho angetafuta kwa lensi. Mkiwa na kichupa kidogo na alkoli ya ku famasi, tieni humo ua la pili na karatasi yenye tarehe, mulipeleke Lubumbashi mkipata safari. Ku Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuna watu wa agronomia wanaofanya kazi ya mimea. (Wazee wameuliza kama lutuku inaweza kufanya kazi hiyo. Iko na maji mingi, ua litalainika. Na kichupa hakitafika.)

Mukituma kwa WhatsApp, tumeni foto kama dokima, si kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida inabanwa njiani, na vile vipembe vya milimita mbili njo vinapotea kwanza. Pamoja na foto andikeni tarehe, namna ya fasi, jina la kijiji la mmea, na vile wachimbaji wanavyosema juu ya kiazi chake.

Kusoma jibu

Jina la kitabu liko na maneno mawili: la kwanza ni ukoo, la pili ni jina la aina yenyewe. Mkirudishiwa "Satyrium sp.", msione kwamba mmedharauliwa. Maana yake ni: ukoo nimeuona, aina sijaifikia. Ni sawa na kusema, huyu ni mtoto wa nyumba fulani, ila sijui ni yupi kati ya ndugu. Mkiona "cf." katikati ya maneno mawili, maana yake: inafanana na hii, lakini siwezi kula kiapo. Majibu haya mawili ni ya mtu mwangalifu. Yaandikeni vilevile mu daftari ya koperative, na "sp." yake, bila kujaza pengo kwa jina la kupendeza. Jina kamili lililorudi upesi kwa foto moja ya ukungu, ulizeni: umeona mikia mingapi?

Na kama jina limebaki "sp.", sheria ya dembo haingoji. Mnaweza kuandika: "Ile yenye mikia miwili, ua la waridi, majani mawili yaliyolala chini pembeni ya shina, sisi tunaiita hivi: haichimbwi upande wa mashariki wa mto." Mchimbaji ataifuata hiyo vizuri kuliko neno la Kilatini. Kwa sheria ya ndani ya kijiji, maelezo yanatosha. Kwa karatasi ya mpaka, hayatoshi.

Fasi isitangazwe

Telefone nyingi zinaandika kimya fasi mliyosimama ndani ya kila foto. Kwa mtaalamu, hiyo inafaa sana. Kwa mnunuzi wa viazi anayetafuta dembo jipya, inafaa zaidi. Foto ikipita ku grupe ya watu mia mbili pamoja na jina la mto, msishangae mkikuta magunia ya wageni mwezi unaofuata. Mu grupe tumeni ua tu, na mtaje teritware: Kasenga, Kipushi, Sakania, basi. Jina la dembo liende kwa mtu mmoja mnayemwamini, na mu daftari ya koperative inayolala kwa sekretere.

Kazi ya kikundi

Mvua ikishika vizuri, kabla ya mkutano wa mwezi wa kwanza, watu watatu watatu waende mu dembo moja: mchimbaji mzoefu mmoja, kijana mwenye telefone, na mtu wa kuandika. Kila kikundi kilete mimea mitano ndani ya foto, hakuna hata mmoja ndani ya kitunga. Kila mmea uwe na foto sita zisizopungua na kijiti cha kiberiti mu zile za ua.

Ku mkutano, fungeni kwanza majina. Kikundi kimoja kionyeshe foto yake ya mbele peke yake, wengine waseme ukoo. Andikeni kura ubaoni. Kisha onyesheni foto ya ubavuni, mpige kura tena, na muhesabu ni wangapi wamebadilisha neno. Halafu mchimbaji aseme jina la kijiji na vile alivyoitambua yeye: kwa jani, kwa fasi, kwa kiazi. Sekretere aandike maneno yake sawasawa, hata kama hayalingani na kitabu. Foto zisizopata ukoo ziwekwe upande, zitumwe pamoja, na dembo lile lisichimbwe mpaka jibu lirudi.